Mwajuma Amefunga Macho

Jumatatu, 6 Oktoba
Leo tena Mwajuma! Kampiga mwenzake Chancelvie kwa chupa ya maji — damu puani, darasa zima juu ya madawati. Direkta Liévin, mkuu wa shule, anasema akirudia, atabaki kwao. Nimefika nyumbani Bel-Air sauti imeniishia.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejaribu lile zoezi walilotufundisha walimu kwenye formation. Kabla ya hesabu: macho tufunge, mkono juu ya tumbo, tusikilize pumzi. Basi. Wengi walicheka. Mwajuma hakufunga macho, alinichunga tu kama askari.

Alhamisi, 9 Oktoba
Amefunga! Kidogo tu. Nilitaka kupiga kelele — ningeharibu yote.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kwenye robinet, watoto wakichota maji, Chancelvie kamsukuma Mwajuma. Nikaona ngumi yake inapanda. Nikawakimbilia — ngumi ikashuka! Mkono tumboni, akapumua, akaenda zake. Nikamuuliza imekuwaje.
"Madame, kasirani ilikuwa inapanda. Njo nikaiacha ipite."
Nimeingia darasani peke yangu, nikalia. Machozi matamu.

Jumatano, 15 Oktoba
Direkta kaniita. Baba yake Mwajuma, papa Asumani, dereva wa lori, amerudi toka mpakani Kasumbalesa. Kasikia binti anafunga macho shuleni, anadhani tunamwombesha dini nyingine. Kesho anakuja kumtoa. Direkta anasema mzazi akikataa, zoezi linakufa.

Alhamisi, 16 Oktoba
Naandika hapa hapa darasani. Polepole.
Papa Asumani kaingia asubuhi, vumbi la njia bado kwenye viatu. Hakuketi.
"Madame, hii mambo ya kufunga macho, ni maombi ya nani?"
"Hakuna maombi, papa. Ni kupumua tu. Ikaa, uone mwenyewe."
Akajibana kwenye dawati karibu na binti yake, magoti juu. Tukafanya kama kila siku. Nikasema, fungueni. Watoto wakafungua.
Yeye hapana. Mabega yameshuka, kichwa kimeinama. Analala! Kiki, wa dawati la nyuma, alitaka kucheka, Mwajuma akamwonyesha kidole mdomoni.
"Madame, mumuache," akaninong'oneza. "Ku nyumba halalaka vile. Anashtuka, analalamika."
Basi hesabu ya leo ni ubaoni tu, bila sauti. Darasa zima linaandika — kimya, sijawahi kuona!
Viatu vya direkta kwenye koridoo. Nimemwonyesha kidole mdomoni hata yeye. Kasimama mlangoni, anamwangalia papa Asumani anavyolala — kisha kafunga mlango polepole, kaenda zake.