Bei ya wageni

Jumamosi, kambini Dzaleka

Na kumbe aliyetambuliwa kuwa mgeni ni mimi.

Tangu yaya, dada yangu mkubwa, aje kututembelea kutoka Kanada, nimekuwa nikiogopa kwamba amekuwa mtu wa mbali. Nampakulia peke yake, kwenye sahani ya wageni, na uma. Sijui nimwulize nini...

Leo alitaka kikapu sokoni Lilongwe. Nikamvua miwani ya jua, nikamfunga kitenge changu, nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha Uvira: "We nyamaza tu, yaya. Mi njo nitaongea, basikupatie bei ya bazungu."

Nikamsalimia muuzaji kwa Chichewa changu. Alinisikiliza, akatabasamu, akanijibu kwa Kiingereza: bei maalumu kwa wageni. Kwa bei hiyo hata mbuzi angenunulika.

Yaya alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. "Kumbe we njo muzungu."

Kisha akanishika mkono, tukaondoka. Akawa anasema kwa sauti kuhusu maharagwe yanayoungua nyumbani, ingawa hatukuacha chochote motoni. Ndivyo Mama alivyofanya sokoni Uvira kila alipotajiwa bei mbaya. Muuzaji akaita. Nilitaka kugeuka, yaya akanifinya kidole.

"Bado. Aite tena."

Aliita tena, na tukanunua kwa bei ya watu wa kawaida.

Jioni sikuitoa sahani ya wageni. Tumekula ugali na dagaa kwenye sahani moja, kwa mikono, na yaya ameniibia dagaa wa upande wangu kama zamani. Nimejifanya sikumwona.