Chokaa ya Kuvukia Mpaka

Chumba cha nyuma ya karakana,
Mtaa wa Mafundi.
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa mdogo wangu, Bi Machozi,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea uketi. Umeketi? Haya. Mwanao Twiga yu hai, ana afya, na anakula kama mtu ambaye nyumba inamuungulia mgongoni. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungeruka maneno yangu yote ukilitafuta jina lake, kisha ungeanza kulia kabla hujajua unalilia nini.

Wewe hujambo? Goti lako limekubali kukunjika, au bado linakuringia? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanadhani mmenunua mashine? Mimi mzima. Meno yamebaki machache, lakini yanaelewana.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliniandikia: "Kaka, mwanangu anapelekwa kupigana vita vya nani?" Ajabu ya kuulizwa siasa mtu aliyeachana na shule darasa la nne, tena kwa ridhaa ya pande zote mbili! Lakini wewe uko mbali na mimi niko hapa, na mpwa wangu ni mwanangu. Nikatega masikio.

Kwa kinyozi nilikuta majibu mengi kuliko vichwa vya kunyoa. Yule jirani yangu tunayemwita Redio, kwa kuwa isemacho redio naye hukisema, alisimama akapiga kifua: "Ndugu zetu ng'ambo ya mpaka wanauana! Tukae tu tukitazama?" Kinyozi hakuinua hata uso. Akamwambia, "Ndugu zako wameuana tangu mwanangu hajaota meno. Udugu umekujia juzi, waasi walipoikaribia barabara ya migodini?" Redio akasema kinyozi hana uzalendo. Kinyozi akamwambia atulie, sikio liko karibu na wembe.

Mimi niliona jambo jingine. Kumbuka tulivyokuwa tukinung'unika hapa mtaani. Mabomba yanatoa hewa, shule haina madawati, na uchaguzi uko mlangoni. Ilipotangazwa kwamba jeshi letu linakwenda kwa jirani, manung'uniko yakazimika kama taa. Mabomba bado yanatoa hewa, lakini nani ana habari nayo? Kila mtu amekuwa jemadari. Hata mama muuza maandazi anajua mto wa kuvuka na kilima cha kushika.

Basi kazi ikanifuata nyumbani. Malori ya jeshi yaliletwa kwenye karakana yetu kubwa yapakwe rangi nyeupe, ya walinda amani. Tuliitwa wapaka rangi wote, hata sisi tunaotetemeka mikono. Mdogo wangu, sijapata kuona kitu kama kile. Asubuhi uwanja ulikuwa wa kijani kama msitu, na jua lilipotua malori yamesimama safu kwa safu, meupe pe, kama yangeyange waliotua shambani. Nilisimama na brashi yangu nikanyamaza, nami unajua kunyamaza sikufundishwa.

Ila kulikuwa na kitu kilichonikera tangu mwanzo. Msimamizi wa karakana alituletea chokaa. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, chokaa ni ya ukuta. Bati linataka rangi ya mafuta." Akacheka. "Mzee, tia gundi kidogo ishike. Inatakiwa ifike mpakani tu. Wakishavuka wanaiosha."

"Waioshe? Si wanakwenda kusuluhisha?"

Akatazama huku na huku, akanisogelea. "Msuluhishi hukaa katikati. Hawa wana upande. Rafiki wa Mkubwa wetu wa nchi yuko karibu kung'olewa kitini kule, nao wanakwenda kumshikia kiti."

Nilitazama malori yale yote, vijana wale wote waliokuwa wakipakia magunia na kutaniana, nikafikiri: kumbe hofu ya watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, inaweza kuinua chuma chote hiki! Mimi hofu yangu haijawahi kuinua hata kiti.

Twiga ndiye dereva wa lori lililokuwa karibu na ukuta. Alinionyesha kwa fahari, amelisugua mpaka taa. Nikamuuliza, "Mnakwenda kufanya nini huko?" Akasema, "Mjomba, kulinda shule na kugawa chakula. Hakuna atakayetupiga, ndiyo maana malori ni meupe." Alilisema hilo kwa moyo mweupe kuliko chokaa yenyewe. Nilitaka kumwambia. Askari waliosimama nyuma yake wote walikuwa wanasikiliza.

Basi nikafanya upumbavu wangu. Nyumbani nilikuwa na madebe ya rangi nyeupe ya mafuta, niliyoyatunza tangu tulipopaka ile zahanati, nikisema ipo siku nitapaka milango yangu. Nikayaleta. Wenzangu wakipaka chokaa, mimi nikalipaka lori la mpwa wangu rangi ya kweli, tabaka juu ya tabaka, kichwa, bodi na milango. Nilijiambia: wao na waioshe, lakini hili la mtoto wa dada yangu halioshwi. Yeyote mwenye bunduki kule alione jeupe, amwache apite. Msimamizi akauliza mbona langu linang'aa. Nikamwambia ni uzee wa mkono.

Siku ya kuaga, barabara kuu ilijaa watu kama sisimizi kwenye sukari. Malori yamepangwa, bendi inapuliza, na Mkubwa mwenyewe yuko jukwaani chini ya turubai. Akasema kwa sauti ya kutetemesha: "Tunakwenda kwa nia nyeupe kama malori haya!"

Nakuapia, mdogo wangu, hakumaliza kushusha mkono. Mvua ilimwagika kana kwamba imesubiri neno lile. Kwanza chokaa ilitoa machozi, kisha mito. Maji meupe kama maziwa yalitiririka milangoni, yakaingia kwenye matairi, yakapita miguuni mwetu, na kijani kikachungulia, kikatoka, kikasimama. Hakuna aliyecheka. Tulisikia mvua ikipiga kwenye ngoma za bendi. Nimeona moto, nimeona mafuriko, lakini sijaona neno la mkubwa likioshwa mbele ya macho yake hivyo.

Katikati ya kijani chote kile, lori moja lilibaki jeupe, linametameta kama jino la dhahabu. Sasa ndipo nilipoona ujinga wangu. Nilitaka asipigwe, kumbe nimemfanya aonekane kutoka kilima cha kwanza!

Kamanda alikuja mbio na maji yakimtoka kofiani. Kamera zilikuwa zimeligeukia lori lile. "Litoe hilo! Linatuumbua! Lirudi karakana likapakwe kijani, na dereva wake abaki nalo!" Twiga akajaribu kusema, akafokewa, akageuza.

Ungedhani safari ingeahirishwa kwa aibu. Wapi! Injini ziliwaka kwa pamoja, ardhi ikatetemeka mpaka meno yangu machache yakagongana, na malori yakaondoka ya kijani, yakidondosha nyeupe ya mwisho barabarani. Ndipo nilipojua kwamba jambo likishajazwa mafuta halizuiwi na aibu. Hilo, pamoja na hofu ya wale wakubwa wawili, ndilo jibu la swali lako, na sina jingine.

Twiga hakunisalimu siku hiyo. Alikaa kwenye ngazi ya lori kama kuku aliyenyeshewa. "Mjomba, umenifanya nini? Wenzangu wamekwenda." Msimamizi akaniuliza kazi ya kulirudisha kijani itachukua muda gani. Nikamwambia rangi ya mafuta ina heshima zake, lazima ikwanguliwe mpaka kwenye bati. Akanitazama sana. "Mzee, wewe ni jambazi." Kisha akasema, "Haya, anza. Usiharakishe ukaharibu bati."

Jana Twiga alininyang'anya msasa, akaanza kusugua mlango kwa hasira, kama mtu anayemsugua mjomba wake. Nikamwacha. Baada ya kitambo akasimama.

"Wenzangu walijua ni chokaa?"

"Hakuna aliyewaambia."

"Na wale wa kule watawaona ni wa kijani?"

"Watawaona walivyo, mwanangu."

Akautazama msasa kama kitu alichookota njiani. Akauweka juu ya tairi. Akaenda kukaa karibu na redio ya msimamizi, naye hajaondoka hapo ila kwa kula. Wale vijana wana mama zao, nami kila nikipumua kwa raha nawakumbuka. Basi unapomshukuru Mungu, usiishie kwa wako.

Mwandikie wewe. Mimi ananisikiliza kwa sikio moja, tena lile bovu. Karatasi ya kuitwa tena inaweza kuja wakati wowote, nami sitakudanganya kwamba msasa wangu una nguvu kuliko jeshi.

Nisalimie shemeji mkoromaji, mkwe wako mshonaji, na yule mjukuu wako Kidevu, mwambie babu bado anamdai busu. Mungu akufunike kwa kitu kisichooshwa na mvua. Na goti lako pia.

Lori bado ni jeupe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinuna,

Brashi