Maji ya Elia na Ng'ombe wa Ntandu

Ilongero, Singida
Jumatano

Mdogo wangu Somoe,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitamka: marahaba. Hujambo lakini? Miguu inaendeleaje, bado inavimba ukikaa sana? Na mikorosho mwaka huu umepata mtu wa kukupalilia, au unang'ang'ana na jembe mwenyewe? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa, ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu. Kwenye simu ungenikatiza kwa pole, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Ikifika Jumamosi huenda nikawa sina mahali pa kulala.

Unamkumbuka Elia niliyekuwa nakusimulia, yule mtoto wa jirani niliyemfundisha hesabu za kugawanya wakati nikijenga madaraja huku? Sasa ni mtu mkubwa Dar es Salaam. Wifi yako alipofariki nikabaki peke yangu kwenye nyumba ya kupanga, Elia ndiye aliyenipa chumba uani kwa mama yake, bila kunidai chochote. Mwaka huu akasema anataka bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, na pembeni yake spa, yaani beseni la duara lenye maji ya moto yanayotoa mapovu mtu akiwa amekaa ndani. Akaniomba niwasimamie mafundi. Nilifurahi, Somoe. Zilikuwa zimepita siku nyingi tangu mtu anihitaji kwa kazi ninayoijua.

Mwanzoni tulicheka sana. Fundi wa vigae alisema spa ni sufuria ya kuchemshia matajiri. Mama Elia akamjibu kwamba yeye ameoga kwa ndoo moja maisha yake yote na watoto saba amezaa, hayo mapovu yatamwongezea nini. Lakini kazi ilitoka safi. Nilikagua kila fundo la nondo kabla zege halijamwagwa, na vigae vya bluu vimekaa sawa kama kioo.

Shida iliingia mapema, sikuiona. Shimo lilipofika kimo cha mtu, alikuja Mzee Ntandu, mfugaji wa jirani, rafiki yangu tangu wote tuna nywele nyeusi. Alibeba bakuli la unga wa uwele. Wazee wa mtaa huu wana desturi: mtu akichimba mahali maji yatakapokaa, jirani huleta unga. Mwenye shimo akiuonja, na uliobaki ukanyunyizwa kwenye udongo, ameahidi kwamba kiangazi kikikaza hatamfungia jirani maji. Elia hayupo, mama yake ana homa kitandani, nikaona ni adabu niupokee mimi. Nikauonja, nikaitika kwa lugha yao kama inavyotakiwa, Ntandu akanipiga bega kwa furaha. Desturi hiyo naijua miaka mingi. Ila niliijua kwa visima na malambo ya kunyweshea mifugo. Haikunijia kwamba bwawa la vigae linaingia humo. Ntandu naye haikumjia kwamba haliingii.

Kisha mvua ikakataa. Lambo la kijiji limekuwa tope lililopasuka, na visima vya mtoni wanawake wanachota kwa kikombe. Hapa uani tulikuwa na kisima kirefu alichochimbisha Elia. Nilipomaliza kujaza bwawa kwa maji yake, pampu ilianza kutoa upepo na matope, na haijapona mpaka leo. Kwa hiyo maji yote ya mtaa huu, mdogo wangu, yamelala ndani ya vigae vya bluu, na mimi ndiye niliyeyalaza pale.

Jumatatu asubuhi Ntandu alikuja na ng'ombe wake kupitia lango la nyuma tulilokuwa tukiingizia kokoto. Hakuomba ruhusa, kwa sababu kwake ruhusa ilishatolewa. Nilimkuta anawachotea kwa ndoo, ananisalimia kama kawaida, ananitania kwamba mtu wa kusini nimewaletea bahari Ilongero. Mtamba mmoja mwekundu hakungoja ndoo. Alishuka ngazi za kuingilia waogaji, polepole, akasimama kwenye maji ya kifuani akanywa huku amefumba macho. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Sikuwa na mdomo wa kumfukuza.

Elia aliona yote kule Dar, maana ukutani kuna kamera inayopeleka picha kwenye simu yake. Akanipigia.

"Mzee wangu, nimeona ng'ombe kwenye bwawa. Si pembeni. Ndani."

Nikamweleza habari ya unga. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, kwamba anawaheshimu wazee wote wa Ilongero, lakini wakubwa wake wa kazini wanakuja Jumamosi kuogelea, na yeye hakuchimba lambo. Nifunge lango. Nitie dawa ya klorini iliyokuja kwa basi, niitie nyingi, ili ng'ombe wakinusa tu wageuke.

"Kama ni ngumu kwako, Mzee, mwachie mama funguo. Nitamtuma mtu. Ila huyo mtu atahitaji chumba."

Nilifunga lango. Jana ng'ombe walikuja wakasimama nje ya ukuta, wameinua pua, wanalia. Wanayasikia maji, Somoe. Nilikwenda kwa Mama Elia nikitumaini atasema neno. Akageukia ukuta, akasema, "Baba yake angefungua. Lakini baba yake hakuwa na bosi." Anakula kwa mkono wa mwanawe, sikumlaumu.

Ntandu alinifuata langoni. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Issa, ule unga uliumeza au uliutema?"

"Niliumeza."

"Basi," akasema, akawageuza ng'ombe wake. Yule mtamba mwekundu alishindwa kugeuka. Alipiga magoti palepale kwenye vumbi, na wanawe Ntandu wakamnyanyua kwa mkia na pembe.

Dawa sijaitia. Kesho asubuhi nitafungua lango, nitachota pamoja na Ntandu na wanawe mpaka ng'ombe wote washibe, kisha nitamkabidhi Mama Elia funguo. Elia sitamwambia kwamba amekosea. Bwawa ni lake, kisima ni chake, na paa nililolalia ni lake. Lakini mdomo uliokubali ni wangu. Ninaogopa, sikufichi. Katika umri huu namwacha wifi yako kaburini peke yake, na sijui mwanadamu huanzaje tena. Na maji yenyewe hayatafika mpaka mvua inyeshe. Yatawapa ng'ombe siku chache tu, halafu sote tutakuwa tumekosa.

Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimeshafungua, kwa hiyo usihangaike kunishauri. Nipigie tu, uniambie jambo moja: ukiondoa wewe, kuna mtu hapo nyumbani Newala atakayenijua kwa sura?

Nisalimie shemeji yangu, mume wako Bakari, mwambie asiache kukukanda hiyo miguu. Msalimie binamu Zuhura, fundi cherehani, aliyenishonea suruali ya safari siku ninaondoka. Mjomba Chande, aliyetufundisha kutega kanga, mpe salamu kama yuko, usipomtaja nitaelewa. Na huyo mwanao wa mwisho uliyempa jina langu, ambaye hajawahi kuniona, mwambie mapema kwamba nimezeeka, asije akatafuta kijana kwenye basi akanipita.

Wako wa tumbo moja,
Issa