Breki za Mashoto

Nyumba ya kona, mtaa wa juu.
Alhamisi, mchana.

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi ulichokilalamikia kwenye simu kimekwisha. Sisi huku ni wazima. Mimi Kitinda wenu nina mkwaruzo shavuni na bendeji mkononi, lakini usishtuke, nakula kama kawaida. Mwandiko nao usiulaumu mkono, ulikuwa mbaya tangu zamani.

Nakuandikia nikiwa kazini, saa ya mapumziko. Bado nakata vioo vya miwani kule nyuma ya duka la daktari wa macho, chumba kile kile chenye dirisha moja na mashine ya kusagia inayonirushia maji mpaka viatuni. Daktari aliponiona asubuhi aliniuliza kama mke wangu amenichoka. Nikamwambia ni baiskeli. Akasema mtu wa umri wangu angetafuta mchezo wa kukaa.

Ndiyo, bado nashindana. Kila Jumatano, watu wakitoka kazini, tunakutana chini ya kilima kilicho nyuma ya matangi ya maji: muuguzi, mwokaji mikate, walimu wawili, na fundi bomba mwenye kitambi ambaye kila mara anasema leo ni leo na kila mara anakuwa wa mwisho. Tunapanda kwa njia ya miti, tunashuka kwa upande wa mawe, basi. Hakuna kombe. Mshindi anapigiwa makofi, kisha anarudi nyumbani kufua nguo zake kama sisi wengine.

Lakini sikuandikii habari za mbio. Nakuandikia habari za baba.

Unajua tangu afunge karakana yake, kazi aliyobaki nayo ni baiskeli yangu. Anaifungua, anaisafisha, anaifunga, na Jumatano anaikokota mwenyewe mpaka chini ya kilima ili nikitoka kazini niikute tayari. Siku hiyo anavaa shati la kutokea. Siku nyingine, mama anasema, anakaa tu, anauliza swali lile lile tena na tena, anatafuta kofia iliyo kichwani pake. Kwa muda sasa mama anataka tumfungie spana zake kabatini, asije akamuumiza mtu. Mimi nimekuwa nikikataa. Nilimwambia tukimnyang'anya spana tutakuwa tumemnyang'anya kila kitu. Tumegombana kwa hilo, mimi na mama, jikoni, kwa sauti ya chini ili mwenyewe asisikie.

Jana nilichelewa kutoka kwa sababu ya mteja aliyebadilisha fremu dakika ya mwisho. Nilifika mbio, nikamkuta baba amesimama mstarini ameshika usukani, baiskeli inang'aa. Nikaipokea, nikasema ahsante, nikapanda. Najua utauliza kwa nini sikujaribu breki kwanza. Kwani umesahau ulikozaliwa? Kujaribu breki mbele ya baba ni kumwambia kazi yake mbovu. Wewe mwenyewe, pamoja na ujeuri wako wote, hukuthubutu hata siku moja.

Kilima nilikipanda vizuri, nikampita hata muuguzi, na yule mama ana pumzi za ajabu. Kwenye kupanda hakuna anayegusa breki. Juu kabisa nilikuwa wa pili, mbele yangu mwokaji peke yake, nikaanza kujiona mtu. Halafu mteremko ukaanza. Kwenye kona ya mawe nikashika breki ya kushoto kama siku zote, nipunguze mwendo wa gurudumu la nyuma. Likasimama la mbele. Nikaruka juu ya usukani na kutua kwa uso.

Muuguzi aliacha mbio zake akasimama. Alinikagua mkono, kisha akainua baiskeli na kuzibana breki moja moja.

"Aliyekufungia hizi amezigeuza," akasema. "Breki ya mbele iko kushoto. Labda alidhani wewe ni wa mashoto."

Nilikaa pale kwenye mawe, dada, na si maumivu yaliyonikalisha. Kazi yenyewe haikuwa na kasoro. Nyaya zilikuwa mpya, zimepimwa, zimekatwa, zimefungwa vizuri kuliko nilivyowahi kuziona. Kiti nacho kilikuwa kimepandishwa. Nilipokuwa napanda kilima niliona pedali ziko mbali, nikadhani miguu imechoka kwa kusimama kutwa. Katika familia yetu nzima ni mtu mmoja tu mwenye miguu mirefu hivyo na aliyetaka breki ya mbele iwe kushoto. Baba alikuwa amekutengenezea wewe.

Nikateremka nikiikokota. Fundi bomba akanipita, kwa hiyo unaweza kupima mwenyewe hali niliyokuwa nayo. Chini, watu walikuwa wameanza kutawanyika. Baba alikuwa palepale nilipomwacha. Alipoona damu alitoa leso akaanza kunifuta.

"Pole, Mashoto," akaniambia, kwa jina lako lile la utani. "Umemaliza lakini?"

Nikamjibu nimemaliza. Aliendelea kunifuta taratibu, halafu akashusha sauti kama mtu anayetoa siri.

"Siku moja umwachie Kitinda naye apande. Ananishikia pampu tu, hasemi kitu, lakini mimi namwona. Anaitamani mno hii baiskeli."

Nikamwambia nitamwachia. Tukarudi nyumbani, baiskeli ikiwa katikati yetu.

Wewe ulikuwa na mbio, mimi nilikuwa na pampu, na nilikua nikiamini kwamba macho ya baba yalikuwa kwako tu. Sikuwa na kinyongo, niliona ndivyo mambo yalivyo. Kumbe alikuwa ananiona. Nimefurahi, dada, na nimeumia, kwa sababu sikuweza hata kumshukuru. Aliyekuwa akiambiwa hakuwa mimi.

Mama aliutazama uso wangu, akaenda kunichemshia maji ya kusafisha jeraha. Afadhali angesema nilikuambia. Leo jioni ananingoja tuzungumze habari za spana, na safari hii siwezi kusema hofu yake haina msingi. Nimewaza asubuhi nzima, nusura niharibu kioo cha mteja. Hiki ndicho nitakachomwambia: spana zisifungiwe. Baiskeli ile ibaki kwa baba, na breki zake hivyo hivyo, na mimi nitaazima ya mwalimu mmoja ambaye goti linamsumbua. Baba akiniuliza kwa nini siipandi yake, nitasema ni yako na kwamba unakuja.

Sitaki kauli hiyo iwe ya uongo. Jumatano atavaa shati lake, atasimama mstarini ameishika, na atakuwa anakungoja.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama yale mashuka yalifika. Wifi yako anakusalimu na anasema umemsahau. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Nisalimie shemeji, na wapwa zangu wabusu wote.

Njoo, dada, hata kwa siku chache. Ukisimama mbele yake, Mashoto utakuwa wewe, na huenda akageuka kunitafuta mimi.

Mungu akulinde na wote walio chini ya dari yako, na akufungulie njia ya kuja.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda