Mkanda Uliruka Pale Uliponitaja

Baba yangu,

Shikamoo. Jibu la salamu hii nimelingoja tangu nina meno ya utoto, na ninaweza kulingoja tena mpaka ushuke bandarini Mkoani. Huku Gando hatujambo. Nyumba bado imesimama, ukuta wa nyuma tumeukandika upya, na ule mkarafuu ulioupanda karibu na jiko sasa unachumwa na wanangu.

Ami Khatibu alinipigia simu juzi. Unamjua mwenzako, hazunguki. "Riziki, baba'ako kadhoofu," akasema. "Anataka kuja kupumzika kwao. Kaniuliza, ati utampokea?" Nikamwambia nitakuandikia mwenyewe. Sikumjibu papo hapo kwa sababu nilishikwa na haya, nikabaki na simu sikioni nikiangalia sufuria inavyofurika. Utasema haya ya nini, na aliyeondoka ni wewe. Ndiyo, baba. Lakini aibu haikumfuata aliyeondoka. Ilikuja kwetu, tukaitandikia mkeka. Soma barua hii peke yako, nitakueleza ilivyokuja.

Nianze na mazuri, maana yapo. Unaukumbuka msimu wa karafuu, tulivyokuwa tukikaa ukumbini baada ya Magharibi kuchambua? Mama upande ule, mimi katikati yako na Ami Khatibu, karafuu mbele yetu na makonyo, vile vijiti vyake, yakirundikana nyuma. Ndipo mlipokuwa mkijifunza nyimbo zenu. Gitaa hamkulishika, mikono ilikuwa na kazi. Mlikuwa mkiimba tu, na vidole vyetu sote vikachambua kwa mwendo wa wimbo. Ukitaka wimbo wa haraka mama alikuwa akifurahi, kazi inakwisha mapema. Mimi ulinifunza kushika sauti ya pili. "Usinifuate mie," ulikuwa ukiniambia. "Mfuate Khatibu. Mie napenda kupotea." Tulicheka sana kwa maneno hayo. Watoto hucheka vitu vya ajabu.

Na kila mgeni aliyeingia ulimwekea wazi. Ulikuwa ukiweka mkono wako kichwani mwangu, mkono unaonuka karafuu, ukasema, "Huyu ndiye kifungua mimba wangu." Sikujua maana yake. Nilidhani ni cheo, kama sheha au daktari.

Harusini mlikuwa mkipiga ule wimbo wa Wesha, na ukifika mwisho ulikuwa ukitia jina langu ndani yake. Waimbaji wote hutia majina ya watu, najua, lakini wengine huwataja wenye harusi na matajiri. Wewe ulimtaja mtoto aliyelala kwenye mapaja ya mamake. Niliamshwa na jina langu mara nyingi, watu wote wakiniangalia.

Halafu ikaja miaka ile ya foleni za mchele na unga wa njano, na watu wakawa wanaondoka kimyakimya. Ulisema unakwenda Mombasa na Ami Khatibu kununua nyuzi za gitaa. Mama alikufungia mkate wa mofa. Nilikusindikiza mpaka bandarini Wesha, nikarudi nimebebwa mgongoni na mjomba, na njia nzima nilikuwa nikimweleza kuwa nyuzi ni sita.

Tulikuja kuwasikia redioni. Mmejiita Karafuu Mbili! Mama alikuwa akizima jiko la mafuta ya taa ili mlio wake usituharibie. Baadaye tukasikia mmegombana, Ami Khatibu kabaki Mombasa na wewe umehamia Dubai, umeoa, na redio ikawapata waimbaji wengine. Mimi nikakua, nikaolewa, nikazaa, na kila aliyeniuliza nilimjibu baba yuko Dubai, anakuja.

Sasa tufike kwenye ule mkanda.

Bi Mize unamkumbuka, jirani yetu wa chini kidogo, yule ambaye ukipiga chafya mbele yake hata kisiwani Fundo wanajua umeugua. Mwanawe alirudi kutoka Dubai na mkanda wa video alioununua dukani. Karafuu Mbili wamekutana tena! Juu ya kasha mmesimama mgongo kwa mgongo, suti nyeupe, na nywele zako nyeusi kupita nilivyozikumbuka. Mwanawe alisema ukumbi ulijaa, watu walitoka Maskati na Mombasa na London, wakalia kama wafiwa mlipopanda jukwaani pamoja baada ya miaka yote ile. Bi Mize akauleta kwetu mwenyewe, mikono miwili, kama anayeleta sinia la biriani. "Huu ni wenu," akasema. "Sisi tutakuja kutazama tu."

Nikaomba televisheni na deki ya video kwenye duka la Wahindi Wete, na jenereta, maana umeme ulikuwa haujafika Gando. Mama akapika mkate wa kumimina, akavaa kanga mpya ambayo bado ilikuwa ngumu kwa gundi ya kiwandani. Ilikuwa baada ya alasiri. Tukatundika kanga madirishani ili kioo kionekane. Watu walijaa ukumbini, mule mule tulimokuwa tukichambua, wakafurika mpaka barazani. Na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wanne, nilikaa mbele kabisa nikiwaeleza watu: huyu baba, huyu Ami Khatibu, hapa sauti ya pili, sikilizeni. Nilisema kama mwenye mali.

Mlipoanza wimbo wa Wesha nilisimama. Nilisimama, baba. Nikageuka nikawaambia, "Nyamazeni, mwishoni hapa lazima anitaje." Wakanyamaza. Hata waliokuwa na watoto wachanga waliwatia ziwa mdomoni.

Wimbo ukaisha. Ukatoa leso ukajifuta uso, ukainua mkono muziki ukasimama, na ukamwita kijana mmoja wa miwani, mrefu, akapanda jukwaani akiona soni. Ukaweka mkono kichwani mwake. Ukasema, "Huyu ndiye kifungua mimba wangu."

Watu wa Dubai wakapiga makofi. Mpiga picha akamwonesha Ami Khatibu, naye alikuwa ameinama anashughulika na nyuzi za gitaa, anazikaza na kuzilegeza, nyuzi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Yeye alikumbuka. Gando hapakuwa na makofi, palikuwa na jenereta tu. Nilikuwa bado nimesimama, na sikuwa na pa kuupeleka uso. Sikuweza hata kukaa, maana kukaa kungekuwa kukiri. Nilimwona mama kwa pembe ya jicho, anaikunjakunja ncha ya ile kanga mpya.

Ndipo Bi Mize akapiga kofi gotini. "Nkanda umeruka!"

Sote tukamwangalia.

"Mmeona? Umeruka papo hapo! Alikuwa keshafungua ndomo kumtaja Riziki, nkanda ukaruka. Ah, mikanda hii ya madukani haina maana!"

Halafu mzee mmoja nyuma akasema kweli, na yeye kaona picha imekatika. Mwengine akasema ni jenereta, imevuta moto vibaya. Na Bibi Time, Mungu amrehemu, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho na alikuwa akishikwa mkono kwenda chooni, akasema kwa utulivu kabisa, "Hata mie nimeuona ndomo wake. Kasema Ri."

Basi ukumbi mzima ukawa umeona. Wakabishana mkanda uliruka mara moja au mara mbili. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yangu waliiona watu wa mtaa mzima, na wote wakatia mkono kuiosha. Mama akainuka akasema, "Kuleni jamani, mkate unapoa." Wakala. Waliusifu mkate mpaka sifa zikauzidi.

Magharibi, tukiosha masinia, nilingoja mama aseme kitu. Alisema jambo moja. "Sauti yake bado nzuri." Kisha akaenda kusali. Mpaka anakufa hakuongeza.

Siku ya pili Bi Mize akaja kuuazima mkanda. Yeye hakuwa na televisheni, baba, hata redio yake ilikuwa haina kifuniko. Nikampa. Ulikaa kwake muda, ukarudi umefungwa kwenye gazeti. "Nimeutazama vizuri," akasema bila kupepesa. "Kweli unaruka." Umeme ulipofika Gando na sisi tukanunua televisheni yetu, niliutia nikautazama peke yangu. Wimbo wa Wesha unaisha, unatoa leso, unainua mkono, halafu kioo kinajaa mvua nyeupe na kelele, na mvua ikikatika mko katikati ya wimbo mwengine. Nani aliufuta, na kwa deki ya nani, sijauliza. Kwa hiyo sasa mkanda unaruka kweli.

Tangu siku ile hadithi imekua na miguu yake. Harusini utawasikia: huyu ndiye Riziki, babake alipotaka kumtaja mkanda ulishindwa. Waliokuwa wadogo wakati ule wanaisimulia kwa dhati. Wanangu wanaiamini. Mkubwa wangu aliwahi kupigana skuli kwa ajili yake. Na mimi hunyamaza, nikatabasamu kama bibi arusi, na ndani naungua. Naona haya mbele ya kila mtu aliyekuwepo, kwa sababu najua anajua, na yeye anajua kwamba najua, na bado ananiuliza habari za baba Dubai kwa sauti ile ya upole ambayo huwa hawaitumii kwa watu wasio na kilema.

Lakini hiyo si haya kubwa. Kubwa ni kwamba nilikuwa nikiutia ule mkanda mara kwa mara, watu wakiwa shambani, nikakaa na ungo wangu na kushika sauti ya pili. Naimba na wewe. Mwanamke wa umri wangu! Na Ami Khatibu aliponiambia unataka kuja, kitu cha kwanza nilichohisi ilikuwa furaha. Nilitamani hasira itangulie, ingenistahi kidogo. Ilikuja baadaye, imechelewa, nilikuwa nimeshaanza kufikiria chumba gani hakipigwi na jua la mchana. Mama aliyekufungia mofa yuko kaburini, na mimi nafikiria jua lako. Nikaona haya mpaka mwilini.

Jawabu langu ni hili. Njoo, baba. Chumba ni kile cha upande wa jiko, nimeshakipaka chokaa. Yule kijana wa miwani, ambaye naamini sasa ana mvi, akitaka kukuleta na aje. Ni ndugu yangu na hana kosa. Alipewa neno, hakuambiwa kuwa lina mwenyewe.

Ila kuna jambo nataka ulijue kabla hujapanda meli. Ukifika, watu watakuja kukuamkia, na wa mbele atakuwa Bi Mize. Anatembelea mkongojo lakini ulimi haujapata hata baridi yabisi. Atakaa mbele yako, ukumbi umejaa, wanangu wote wanasikiliza, na atakuuliza, "Bwana wee, siku ile nkanda uliporuka, ulikuwa unasemaje?"

Usinyamaze. Usiiname kama Ami Khatibu. Na nakuomba kwa haki ya mama, usishikwe na ukweli pale, usianze kulia na kuniomba radhi mbele ya watu. Hao wamebeba uongo huu kwa ajili yangu miaka yote bila hata mmoja kuuangusha, Bibi Time kaenda nao kaburini; usiwe wewe wa kuuvunja kwa sababu umechoka. Radhi tutaitafuta baadaye, mimi na wewe, tukiwa tunachambua. Siahidi kuwa nitaipata mara moja.

Pale mbele yao, weka mkono kichwani mwangu na useme ulilokuwa unasema. Neno unalijua. Mimi nitakuwa nimekaa karibu nawe, na nitainama ili mkono wako ufike. Na useme kwa sauti, baba, Bi Mize siku hizi hasikii vizuri.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama.

Ni mimi,
kifungua mimba wako