Mujusi wa Divine Abakie

Mama Divine na batoto,

Naenda Kazimia, nitarudi kesho. Mboga ya sombe iko kwenye sufuria. Beseni ya mujusi wa Divine muifunike na neti, mutie jiwe juu. Anakula muchwa na konokono badogo, si bugali.

~~Nikirudi nisimukute humu ndani.~~ Hapana, nimefuta.

Kumbe Divine alikuwa anamuchunga chini ya kitanda, mi sijui. Asubuhi nikamukuta ndani ya kiatu changu. Mi, muzee wa kanisa, nikapanda juu ya meza na taulo tu kiunoni, nikapiga kelele “Nyoka! Nyoka!” mpaka majirani bakaingia na mapanga. Divine akamufunika na mikono yake.

“Papa, huyu ni mujusi, hana tu miguu. Angalia, anafunga macho. Nyoka hafungi.”

Nikaangalia kutoka kule juu. Kweli akafunga macho, pole pole, kama muntu anayeona haya kwa ajili yangu. Nikaona pia mikono ya mutoto wangu, karibu na panga. Moyo ukaniuma.

Kisha mulinicheka wote, na majirani pia. Mujusi peke yake hakucheka. Basi abakie.

Papa yenu