Nakala ya Tatu Iko Wapi?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, unisamehe mwandiko, mtoto yuko mgongoni na viazi viko jikoni. Mume wangu Kosuke amerogwa na anime, zile katuni za televisheni, sanamu za mashujaa wake anazipangusa kwa brashi yangu ya poda, kila kitabu akipendacho hununua nakala tatu, ya kusoma, ya kuazimisha na ya kutunza isiguswe hata na pumzi, na siku nilipojifungua alimpokea binti yetu kwa saluti na hotuba ya nahodha wa chombo cha angani, wakunga wakacheka, mimi nikalia, basi kwa kukosa wa kumwambia nikaanza kuchora vichekesho vya visanduku vinne, kwa jina la bandia, yeye nikimpa kichwa cha kiazi, jarida la akina mama likavichapa miaka miwili, na sasa mhariri anataka kitabu. Kosuke sijamwambia.

Juzi natafuta daftari la kliniki nikafungua kabati lake, na kwenye rafu ya juu, ambayo hata mama mkwe haruhusiwi kuigusa, nikayakuta majarida yenye vichekesho vyangu, yote, ndani ya nailoni, nakala mbili mbili, moja imechakaa kwa kusomwa. Nikakaa sakafuni kama niko hekaluni.

Jioni nikamchokoza: "Baba, rafu ya juu kuna nini?"

"Mama, pale wanakaa wakubwa tu," akajibu, akajiongezea viazi.

Kwa nini mbili, si tatu? Ananionea aibu? Ijumaa natakiwa kugonga mhuri wa jina langu kwenye mkataba wa kitabu. Nigonge?

Mama Hinano, Matsudo

*

Mama Hinano,

Pole kwa uchovu, mwanangu. Lakini miaka miwili unamwanika mtu mbele za watu, kisha unamwuliza habari za rafu? Acha hizo.

Umesema mwenyewe: ya kusoma, ya kutunza, ya kuazimisha. Sasa ya tatu iko wapi? Iko kwa watu! Mwenye aibu haazimishi. Huyo anakutembeza mjini kama bendera, na mimi niliyezoea kusoma malalamiko ya wake nimevua miwani nikaifuta.

Hata hivyo, kimya chake si mhuri wake. Kabla ya Ijumaa weka mkataba mezani, mwambie, "Kiazi ni wewe." Mpe michoro yote na kalamu nyekundu. Atakachokikata kikatike, hata kama ni ile saluti, wala usinune. Akikubali, ongeza kisanduku kimoja: wewe, sakafuni, mbele ya kabati.

Na kitabu kikitoka usimpe cha bure. Mwache apange foleni, anunue vyake vitatu.